Ekseli ya Kushoto

Bagira, tarehe 9 Oktoba 2022

Mudogo wangu Bruno,

Pokea salamu za nyumba yote. Sisi tunaamka, tunakula, tunalala. Zaidi ya hapo siwezi kujisifu. Mvua imeanza, na Carine amepanda maharagwe kule nyuma ya choo, mahali ambapo marehemu kaka yake Sagesse alisema hakutaota kitu. Yameota. Carine ameingia mwaka wa sita wa sekondari na anasema viatu ulivyomtumia vinamtosha vizuri. Msalimie Lucie. Ninaiombea mimba yake kila asubuhi.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Wewe ukiniita tu "Yaya", dada mkubwa, mimi ninalia, wewe unanyamaza, na mazungumzo yanaishia hapo. Barua hii inakuja na Mwamvua, yule mama wa vitenge mwenye asili ya Uvira, ambaye hufuata mali Kampala.

Sasa sikiliza. Unajua Sagesse aliendesha gari la Papa Pascal, mwenye depo ya vinywaji, anayekaa Nguba. Wiki nzima gari lile linabeba kreti kwenye milima hii yetu. Jumapili wanashusha kreti, wanakwenda upande wa Kavumu kwenye barabara iliyonyooka, magari mawili yanasimama sambamba, mwanamke anaangusha kitenge, na yanatoka kwa nguvu mpaka mwisho wa mita mia nne. Mara ya kwanza chuma cha gurudumu la nyuma kilikatika mwezi wa pili. Mara ya pili, mwezi wa tano. Mara ya tatu ni mwezi wa nane: gurudumu likatoka, gari likaingia kwenye mikaratusi. Hiyo unaijua.

Usichokijua ni hiki. Siku ya kilio Papa Pascal alisimama mbele ya watu na suti nyeusi, akalia machozi ya kweli, akasema: "Sagesse alikuwa mutoto wangu. Lakini alikuwa na muguu muzito. Anaachilia pedali ya embrayage kama mutu anapiga ngombe teke. Chuma gani itavumilia ile?" Watu wakatikisa vichwa. Tangu siku ile, nikipita dukani, nikipita kanisani, ninasikia maneno hayo: muguu muzito. Mwanangu amekufa, na kifo chake wamemwekea yeye mwenyewe mguuni.

Bruno, mtoto yule alikuwa akinirudisha kutoka soko la Kadutu na trei ya mayai magotini mwangu, na hakuna yai lililopasuka. Unakumbuka alivyokuwa akiendesha peku? Anavua ndara zake, anaziweka chini kando ya gari zikiangalia nyuma, "ili nikirudi nizivae moja kwa moja, maman". Huyo ndiye mtu wa mguu mzito?

Wewe unatengeneza magari ya mbio huko. Mimi ninacho kipande cha chuma kilichokatika. Dany, mtoto wa Pascal, alikiokota majanini akaniletea pamoja na ndara. Nimekifunga ndani ya taulo. Niambie nani amekivunja. Pole nimezipata za kutosha. Ninataka jina.

Dada yako,
Eulalie


Kampala, 13 Novemba 2022

Yaya Eulalie,

Barua yako nimeipata jana tu. Mali ya Mwamvua ilizuiwa mpakani na yeye akazuiwa pamoja nayo. Sisi hatujambo. Lucie anatapika asubuhi na kucheka jioni. Anakuomba radhi kwa pilipili, maana anakula ile uliyotutumia peke yake na hanigawii.

Nimesoma ulichoandika kuhusu mayai. Nimekisoma tena kazini, nikaenda kunawa uso.

Kuhusu chuma. Kinaitwa ekseli. Nyuma ya gari lile kuna bomba nene linalounganisha magurudumu mawili. Mafundi wa nyumbani wanaliita ponti. Katikati yake kuna difu. Ndani ya bomba zinapita ekseli mbili, moja kwenda gurudumu la kushoto, nyingine la kulia, na ndizo zinazozungusha magurudumu. Hapa garajini zinakatika mara kwa mara, kwa sababu gari la mbio linatoka kwa kishindo. Na kila ikikatika, mtu wa kwanza kulaumiwa ni dereva. Ikikatika tena, wanalaumu chuma. Mara ya tatu wanatafuta mchawi. Patron wangu, mwenye garaji, ana namna yake: ekseli ikikatika upande uleule zaidi ya mara moja, hatuitazami tena ekseli. Tunatazama kitu kilichoishika.

Kwa hiyo nijibu. Mara zote tatu ilikuwa upande gani? Tazama uso wa pale ilipokatika. Je, una chembechembe kama sukari, au ni laini wenye mistari, kama ile ambayo ziwa linaiacha mchangani maji yakirudi nyuma? Halafu tazama mwisho wa pili, wenye meno marefu yanayoingia kwenye difu. Meno yamenyooka, au yamejisokota kama nguo inayokamuliwa? Kama kipande hicho hakina meno, omba kilichobaki. Usikisugue kwa mchanga. Kipake mafuta kidogo, unitumie.

Jina siwezi kukuahidi. Chuma hakisemi jina, Yaya. Kinasema tu kilivyoteswa.

Mdogo wako,
Bruno


Bagira, 8 Januari 2023

Mudogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Lucie. Noeli tulikula sombe ya majani ya muhogo na samaki, sahani tatu mezani. Carine alisahau akaweka ya tatu, na mimi sikumwambia aiondoe.

Papa Pascal alituletea mfuko wa mchele, na picha ya Sagesse ndani ya fremu ya dhahabu. Mchele sikuupika. Uko kwenye kona, panya wanasherehekea. Picha nimeigeuza ukutani, si kwa sababu ya Sagesse, kwa sababu ya fremu.

Majibu yako haya. Upande wa kushoto, mara zote tatu. Wenyewe wanasema gari "inakula kushoto". Baada ya ile ya pili walimwita mchungaji akamwaga mafuta ya upako juu ya gurudumu la kushoto, kwa sababu Pascal alisema kuna mtu wa kisiwa cha Idjwi anamwonea wivu na kumroga. Sagesse alinisimulia akicheka: "Maman, wameibatiza gurudumu moja. Zile ingine tatu zimebaki wapagani."

Uso wa chuma ni laini, una mistari, kama ya ziwa kweli. Katikati kuna kidoa kidogo cha sukari. Meno hayakuwa kwenye kipande changu. Nilimwomba Dany, akanichukulia kile kilichobaki kwenye vyuma vikuukuu vya depo. Hakuniuliza sababu. Vyote viwili anakuletea Mwamvua.

Dany huja kila Jumamosi. Amenitengenezea mlango. Juzi alisema, "Maman, baba ametengeneza gari tena. Nitaiendesha miye, kwa jina ya Sagesse." Nilimpa chai. Nilimtazama mgongo alipokuwa anakunywa, nikawaza jambo ambalo sitaliandika.

Wewe hutaki kunipa jina. Basi nipe njia, nitalitafuta mwenyewe.

Eulalie


Kampala, 26 Februari 2023

Yaya yangu,

Salamu nyingi. Lucie amekuwa mzito, tunahesabu majuma. Mwamvua amefika akiwa na hasira za kuchekesha: mpakani walimfungulia mzigo, wakauliza chuma hicho ni cha nini, naye akawaambia ni mchi wa mama mkwe wake. Askari akamwambia, "Huyo mama mkwe anatwanga nini, mawe?"

Nimekiweka chuma mezani. Patron wangu naye amekitazama. Nakuandikia polepole ili uelewe, na kama utataka kumsomea mtu, msomee.

Kwanza, meno yamenyooka yote. Dereva mwenye mguu mzito anaachilia klachi, ile embrayage, ghafla, nguvu zote zinakuja mara moja, na meno yanajisokota kabla chuma hakijakatika. Haya hayana hata dalili. Mtu aliyeendesha gari hili alikuwa analitoa kwa upole. Patron wangu alisema kwa Kiganda, nami nakutafsiria: "Huyu kijana ningemwajiri." Mguu wa Sagesse haukuvunja kitu.

Pili, ile mistari. Chuma hiki hakikukatika siku moja. Ufa ulianza ukingoni, pande zote, ukawa unaingia ndani kidogo kidogo kila gurudumu linapozunguka, siku za kreti na siku za mbio. Kile kidoa cha sukari ndicho kilichokuwa kimebaki kushikilia. Kilikuwa kidogo kama ukucha. Hata angetembea taratibu kama kwenye harusi, kingekatika.

Tatu, ufa wa pande zote unakuja pale chuma kinapokunjwa kila kikizunguka. Ukichukua waya ukaukunja huku na huku, unakatika bila nguvu. Ekseli inakunjwa ikiwa bomba la ponti limepinda. Ukibadilisha ekseli ukaacha bomba, mpya nayo itakufa palepale. Ndiyo sababu kushoto, kushoto, kushoto.

Njia umeniomba. Hii hapa: tafuta fundi aliyeligusa bomba lile. Na ukipata nafasi, pitisha kidole upande wa ndani wa tairi la kushoto. Kama bomba limepinda, tairi litakuwa limelika upande huo tu.

Nimekupa kwa sababu ni haki yako kujua. Ukishajua, Yaya, nenda kwa wakili au kwa padri. Usibaki nalo peke yako.

Bruno


Bagira, 16 Aprili 2023

Bruno,

Pasaka imepita. Carine anajiandaa kwa mtihani wa serikali, anasoma kwa sauti mpaka kuku wamejua historia. Natumaini Lucie amejifungua salama.

Ile sehemu ya meno nilimsomea Carine. Kisha nikamsomea jirani. Kisha nikaenda kaburini nikamsomea mwenyewe.

Jina nimelipata. Nyuma ya depo kuna fundi wa kulehemu, Ramazani, anatengeneza madirisha na milango ya chuma. Nilipomtajia ponti, alizima mashine yake.

"Mama, kaa kwanza."

"Nikisimama ninasikia vizuri."

"Ile ponti waliniletea mwaka jana, mwezi wa kwanza. Gari ilikuwa na kreti mingi, ikaanguka ndani ya kaniveau, mufereji ya barabara. Bomba ya kushoto ikapinda. Nikapiga moto, nikapiga nyundo. Ikanyooka kwa macho tu. Nikamuambia Papa Pascal: Patron, hii usipandishe mutu juu yake, tafuta ingine. Unajua alinijibu nini?"

"Sema."

"Alisema: Piga rangi."

"Maneno hayo?"

"Hayo tu. Na ekseli ya pili ilipokatika, nikamurudilia tena. Akacheka mbele ya wachuuzi: Ramazani, weye ni fundi ya madirisha, mambo ya gari achia wenye gari. Nikapiga rangi nyeusi, mama. Ilikauka vizuri sana."

Baadaye nilikwenda depo kumshukuru Pascal kwa ule mchele. Aliniletea kiti na Fanta. Alipoingia ndani kuchukua kifungua chupa, niliinama nyuma ya gari. Rangi ni nyeusi, inang'aa. Tairi la kushoto, upande wa ndani, ni laini kama kisigino cha ndara kuukuu. Ni bomba lilelile, Bruno. Amenunua ekseli mpya, akaacha bomba.

Alirudi akanifungulia Fanta. Nikainywa yote. Wakili wa kumshinda Pascal katika mji huu mimi simjui. Padri atanifundisha kusamehe.

Nina swali moja, nalo nataka ulijibu kama fundi. Dany akiendesha gari lile, litakatika tena?

Eulalie


Kampala, 28 Mei 2023

Yaya mpendwa,

Mungu ametujalia msichana. Ana kilo tatu na sauti ya kuuza samaki. Tumempa jina lako. Lucie amesema hakuna jina lingine, na mimi sikubishana. Ana kidole gumba cha mguu kilichojitenga, kama cha baba yetu marehemu. Ukimkumbuka vizuri utacheka. Tutambatiza mwezi wa tisa, na tungependa umshike wewe.

Mvua hapa imezidi. Maji yaliingia garajini, tukafanya kazi na gambuti. Gari moja tulilolitegemea limeharibika giaboksi, na patron amekuwa mkali kwa kila mtu.

Kuhusu swali lako: chuma kina tabia zake. Mambo ni mengi, barabara, mzigo, joto, mwendo. Hakuna fundi mwenye akili timamu anayeweza kukwambia siku. Nimeona vyuma vibovu vikidumu na vizuri vikikatika.

Nadhani ungemwendea Papa Pascal mwenyewe. Mwambie unajua. Mtu akijua kwamba anajulikana, hubadilika. Au mwambie Dany. Kijana anakuja nyumbani kwako, anakuita maman.

Fikiria pia huyu mwenye jina lako. Ningependa amjue shangazi yake akiwa na moyo mweupe.

Mdogo wako,
Bruno


Bagira, 18 Juni 2023

Bruno,

Mbusu mtoto kwenye kidole chake cha mguu.

Nimesoma kurasa zako zote nikitafuta neno "hapana". Halimo. Asante, nimejibiwa.

Eulalie


Kampala, 23 Julai 2023

Yaya,

Salamu utanisamehe, leo sina nafasi nazo. Mwamvua amepita hapa akatuambia habari ambayo wewe hukuiandika: kwamba tarehe sita Agosti mnaondoa kilio cha mwaka wa Sagesse, kwamba baada ya misa Papa Pascal ameandaa mbio za ukumbusho upande wa Kavumu, kwamba Dany ndiye atakayeendesha, na kwamba wamekuomba wewe uangushe kitenge. Mwamvua alisema kwa furaha. Kitenge chenyewe umekinunua kwake, cha maua ya zambarau. Alisema ulikichagua kwa muda mrefu.

Kwa nini hukuniambia?

Simu yako imezimwa. Nimempigia Carine, nikamwambia akuambie jambo moja tu, usikiguse kitenge hicho. Namba ya Dany hana, au umemkataza kuitoa. Lucie ana homa na mtoto ni mchanga. Siwezi kupanda basi juma hili.

Uliniuliza kama fundi, nikajibu kama mwoga. Nakujibu sasa. Ndiyo, itakatika. Kama si katika mbio za kwanza basi za pili. Itakatika kushoto, na gurudumu litatoka kama lilivyotoka. Nimekuonyesha njia ya kumsafisha Sagesse, sikukupa kisu.

Yule kijana ndiye aliyekuletea ndara. Tafadhali, Yaya.

Bruno


Bagira, 13 Agosti 2023

Mudogo wangu Bruno,

Pole kwa homa ya Lucie, natumaini imeshuka. Carine amefaulu mtihani, na kwa asilimia nzuri. Maharagwe ya nyuma ya choo tumevuna tena.

Barua yako Mwamvua ameniletea jana, karibu juma zima baada ya siku yenyewe. Mpaka tena. Usijilaumu. Carine alinipa ujumbe wako mapema, nikamwambia aende akatwange sombe. Ulikuwa umenifikia. Haukunibadilisha.

Kwa hiyo nakuambia kama ilivyokuwa. Nilikwenda kule nikiwa na nia ya kukiangusha. Nilitaka Papa Pascal aijue ile njia ya kurudi kutoka Kavumu, yeye nyuma ya pikapu na mwanawe amefunikwa shuka. Nilitaka aambiwe "pole" mpaka neno lenyewe limchukize. Nilikuwa nimeoga, nimesuka nywele. Bruno, tangu mwaka jana sikuwahi kulala vizuri kama usiku ule wa kuamkia siku hiyo.

Baada ya misa tulikwenda. Watu walijaa pande zote mbili, wengi wamevaa fulana zenye uso wa Sagesse mgongoni. Pascal alichukua kipaza sauti. "Leo tunamukumbuka mutoto wetu," alisema. "Muguu ilikuwa muzito, tunajua wote! Lakini roho ilikuwa nyepesi." Watu wakacheka kwa upendo. Nami nilicheka. Nilisimama katikati ya yale magari mawili na kitenge changu juu. Magari yakanguruma.

Dany akafungua mlango tena. Nilifikiri amesahau kitu. Alivua ndara zake, akazishusha chini kwenye lami, akaanza kufunga mlango, kisha akazitazama, akainama, akazigeuza. Zikaangalia nyuma.

Hakuna mwingine aliyekuwa na mchezo huo ila mmoja. Yule ndiye aliyemfundisha.

Mkono wangu ulikuwa bado juu. Niliushusha polepole bila kuachia. Nikakifunga kitenge kiunoni, nikakaza fundo, nikatembea mpaka kwa Papa Pascal. Watu walidhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga vigelegele.

Nikamwambia, "Papa Pascal, nipe ile mikro."

Akanipa, anatabasamu.

"Leo ni siku ya mwanangu," nilisema. "Nina ombi moja. Kabla Dany hajakimbia, baba yake apande kwanza. Aende mpaka mwisho kwa nguvu, arudi. Ndipo nitaangusha kitenge."

Watu wakashangilia: "Patron! Patron! Panda!"

"Ah, Maman Sagesse," alisema, "goti yangu iko mubaya."

"Basi Dany aendeshe, wewe ukae nyuma. Viti mmeng'oa, lakini kreti zenu mnajua vile zinakaa."

Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka.

"Mama, acha michezo. Batu banangoja."

"Gari iko nzima?"

"Iko nzima!"

"Ponti iko nzima? Bomba ya kushoto? Au ni rangi tu iko nzima?"

Hapo vicheko vilipungua, kuanzia mbele. Ramazani alikuwa ameegemea pikipiki yake karibu na kamba, sikumwita, sikumtaja. Pascal alimwona mwenyewe. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu anayehesabu milango.

Dany alitoa kichwa dirishani. "Papa, panda tu. Ni mita mia nne."

Pascal akalitazama gurudumu la kushoto.

"Papa, panda tuende. Maman ameomba."

Mimi nikamsogezea kipaza sauti mdomoni, kama watu wa redio wanavyofanya. Nilimwambia kwa sauti ya chini, lakini mikro ilikuwa inasikia: "Ukipanda, nitasema mbele ya wote kwamba Sagesse alikuwa na mguu mzito. Nitapiga magoti niseme. Usipopanda, mwambie mwanao aanze."

Dany akatia gia. Sijui kama alitaka kuondoka au alikuwa amechoka kungoja. Gari lilijongea kidogo tu, na Pascal akapiga kelele mpaka masanduku ya muziki yakalia:

"Zima! Dany, zima moteur! Shuka! Shuka ndani ya ile gari!"

Watu wote wale, na tulisikia mikaratusi. Dany alizima. Alishuka, akavaa ndara zake moja kwa moja, akaja mpaka mbele ya baba yake, akamwuliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia: "Ulijua?"

Pascal alinitazama mimi. Nadhani alitegemea nimsaidie.

Umeona, Bruno? Kwa wake alisema zima. Kwa wangu alisema piga rangi.

Niliwasomea watu barua yako ya mwezi wa pili, ile ya meno yaliyonyooka. Nilikuwa nayo kifuani tangu asubuhi, sijui kwa nini niliichukua. Kijana mmoja alivua fulana yake, akaivaa kinyume ili uso wa Sagesse uwe kifuani, wengine wakafanya vilevile, wakapita mbele ya Pascal mmoja mmoja bila kumsalimia. Yeye alibaki amesimama karibu na gari mpaka tulipoondoka.

Tangu siku ile Dany hajarudi Nguba. Analala kwa rafiki yake huku Bagira. Juzi alikwenda na Ramazani wakaikata ile ponti vipande viwili kwa moto, mbele ya depo, mchana, mlango ukiwa wazi. Pascal aliwatazama kutoka dirishani. Amemtuma paroko mara mbili aniombe msamaha. Mara ya kwanza nilimpa paroko chai. Mara ya pili nilimrudishia mchele, pamoja na panya wake.

Uliandika kuhusu moyo mweupe. Usimdanganye mtoto. Mwambie shangazi yake hajasamehe, na anakuja kumshika kwenye maji mwezi wa tisa akiwa hivyohivyo. Kile kitenge nitamletea. Mwamvua anasema kitatoa gauni dogo na ukanda wa kumbebea.

Ndara za Sagesse ziko mlangoni. Jana Dany aliingia, akavua zake pembeni ya zile, akaziacha zikiangalia nje. Sikuzigusa za mwanangu. Zake nazo niliziacha palepale.

Dada yako,
Eulalie